Nimekuta riwaya hii chini ya mto wa binti. Nimnyang'anye?

MamaMdogo_Uyole
Wakubwa shikamooni. Naishi na binti wa dada yangu, kidato cha tatu. Karudi likizo toka bweni, natandika kitanda nikakuta Thirteen Reasons Why ya Jay Asher, kurasa zimelegea kama daftari la madeni, mistari ya penseli kila mahali. Baridi ya Juni huku mnaijua. Nikajifunika blanketi, nikakisoma usiku mbili, kamusi pembeni.

Hannah, mwanafunzi wa Marekani, amejiua na kuacha kaseti zinazotaja sababu 13, zizungushwe kwa wale anaowalaumu. Kilichoniudhi ni kwamba amekufa lakini ndiye anayeongea kitabu kizima, na wote wanasikiliza. Mtoto mwenye uchungu si ataona hiyo ndiyo njia ya kusikilizwa? Mimi nimezika. Aliye kaburini hajui nani kalia na nani kafuata ubwabwa.

Halafu yupo mshauri wa shule. Hannah anamfuata siku ya mwisho, naye anamwambia kama hataki kumtaja aliyemtenda, basi asahau. Hapo nilifunga kitabu. Mwezi wa nne binti alinipigia kwa simu ya matroni, analia kuhusu wenzake wa bwenini. Nilikuwa nahesabu magunia ya viazi. Nikamwambia, "Achana nao, soma."

Nimnyang'anye? Na nikimuuliza, si nitamtia wazo kichwani?

Mlimanyoka
Choma. Watoto wa siku hizi wanadeka. Fimbo mbili tu zinatosha.

Ticha_Mafinga
Mkuu hapo juu, fimbo ndiyo inayowafanya wasiseme. Dada, hofu yako si ya kishamba. Netflix waliitoa tamthilia yake 2017, wataalamu wakapiga kelele, na Julai 2019 wakaikata sehemu inayoonyesha akijiua. Ila ukikinyang'anya atakisomea chooni. Mwambie umekisoma. Mwambie na hayo ya kaburi, umeyasema vizuri kuliko mimi ninavyoyasema darasani.

Nesi wa zamu
Ugonile dada. Muulize waziwazi: "Umewahi kufikiria kujiua?" Shirika la Afya Duniani linasema kuuliza hakumpi mtu wazo, na wengi huona nafuu wakiulizwa. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, nendeni hospitali siku hiyohiyo. 116 ni simu ya bure ya watoto. Familia nyingi huficha kwa kuogopa kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, kinachoita kujaribu kujiua kosa. Wewe usifiche.

Kitindamimba
Nilikisoma nina miaka 16. Mama mdogo, sikushikwa na Hannah. Nilishikwa na Clay, yule anayezunguka mji usiku kucha na kaseti masikioni. Nilitamani mtu wa hivyo, mimi nikiwa hai.

MamaMdogo_Uyole
Nimerudi. Jana tukimenya viazi nimemuuliza maneno yaleyale ya nesi, sauti ikanikauka. Kisu chake kikasimama. Akasema, "Mimi hapana, mama mdogo. Ila hiyo penseli si yangu." Kitabu ni cha mwenzake wa kitanda cha juu, ndiye aliyekuwa akimlilia mwezi wa nne. Nilikuwa sijamwacha amalize.

Tumepiga 116 usiku huohuo, na mama wa yule mtoto nimempata kwa simu. Kasema analala naye chumba kimoja. Kwao ni Makambako. Kesho tunapanda basi la kwanza, na binti kasema kitabu atakibeba mwenyewe.