Memori ikijaa kerneli (kiini cha Linux) inaua MariaDB, nataka isiiguse

fundi_himbi (Goma): Jambo wandugu. Seva ya Debian 12, memori 4 GB, haina swapu (nafasi ya diski ya kusaidia memori). Inabeba MariaDB (hifadhidata), Apache (seva ya wavuti) na PHP-FPM (inayoendesha PHP). Usiku cron (kipanga-ratiba cha kazi) ikianzisha skripti ya ripoti ya Python, memori inaisha, na `journalctl -k` inaonyesha "Out of memory: Killed process" ya mariadbd. Ripoti yenyewe inapona! Naikinga vipi MariaDB, pamoja na SSH (njia ya kuingia seva kwa mbali)?

kadutu_net (Bukavu): Kerneli inaua mchakato (programu inayoendeshwa) wenye alama kubwa, na alama inafuata hasa memori unayoshika, si nani kaleta fujo. Andika `systemctl edit mariadb`, uweke marekebisho haya ya alama:

```
[Service]
OOMScoreAdjust=-600
```

Kisha `systemctl restart mariadb`, uhakikishe kwa `cat /proc/$(pidof mariadbd)/oom_score_adj`. Usiandike moja kwa moja ndani ya /proc, huduma ikiwashwa upya inapotea. Kila pointi ni sehemu moja ya 1000 ya memori na swapu pamoja, kwa hiyo kwako -600 inaipunguzia MariaDB kama 2.4 GB kwenye hesabu. -1000 usiitie: MariaDB ikivimba yenyewe, wengine wote watauawa na yeye atabaki ameshika memori. SSH iache, sshd mama hujiwekea -1000 mwenyewe.

katuba_sys (Lubumbashi): Sawa, lakini hapo umehamisha tu kifo kwa PHP. Wekea ripoti mpaka wa memori. Kwenye cron ya root:

```
systemd-run -p User=ripoti -p MemoryMax=1G -p MemorySwapMax=0 -p OOMScoreAdjust=500 /usr/bin/python3 /opt/ripoti/ripoti.py
```

Ikivuka 1 GB inauawa yenyewe, ndani ya kundi lake, jirani hawaguswi. Halafu angalia `pm.max_children` (idadi ya juu ya michakato ya PHP-FPM): michakato 40 ya MB 60 ni 2.4 GB tayari, MariaDB hujaihesabu. Ongeza na swapu ya 2 GB, ila ujue msingi wa hesabu ya pointi aliyotoa kadutu_net unakuwa 6 GB, na -600 inageuka 3.6 GB. Hapo -400 inatosha.

fundi_himbi: Aksanti. Ripoti ikikatwa katikati ya kuandika, data je?

katuba_sys: InnoDB na MyISAM ni aina mbili za jedwali za MariaDB. Za InnoDB zinarudisha nyuma muamala (kundi la maandiko) ambao haujafungwa. Za MyISAM hazirudishi, nusu iliyoandikwa inabaki. `SHOW TABLE STATUS`, safu ya Engine, itakuambia.

kadutu_net: Na skripti isome kwa mafungu ya mistari 5000, `fetchall()` (kuchukua matokeo yote kwa pamoja) ndiyo inayokula memori mara nyingi. Tumia kasa (cursor, kisomaji cha matokeo) isiyo na bafa, yaani isiyohifadhi matokeo yote kwanza (`SSCursor` kwa PyMySQL, maktaba ya Python ya MySQL), la sivyo matokeo yote yanashuka kwa mkupuo hata ukiita `fetchmany()`.