Naomba ushauri: nataka kusomea vyombo vya udongo vya Wamaya, nianzie maabara au historia ya sanaa?

Wakuu habari zenu, nina digrii ya kemia na nataka masters ya vyombo vya udongo vya Wamaya wa kale, wa kule Guatemala, Belize na kusini mwa Meksiko, hasa vile vikombe virefu vilivyochorwa kati ya mwaka 250 na 900. Kinachonivuta ni vile unga kidogo tu wa chombo ukipigwa nyutroni (chembe za ndani ya atomu) unapata elementi za udongo na kukisia kilitengenezwa eneo gani, halafu mtu wa sanaa anaangalia mkono wa mchoraji na kusoma maandishi ya ukingoni yanayotaja mwenye chombo na kinywaji chake. Kile chombo cha Río Azul, mji wa kale wa Wamaya kule Guatemala, kimeandikwa kakao na maabara ikakuta mabaki ya kakao kweli, aisee!

Sasa vingi vizuri viliibwa makaburini, havina rekodi yoyote, kuvipima si ni kuwapandishia bei wafanyabiashara? Ila pia vipimo ndo vinaweza kuonyesha vilitoka wapi, hapo nakwama kabisa. Na je nianze Kihispania na maandishi ya Kimaya au nikomae na maabara kwanza? Yeyote aliyesoma akiolojia naomba anishauri.