Mkojo unavuja miaka sita, nimeambiwa nifanye mazoezi tu. Haya mazoezi yamefanyiwa utafiti kweli?

MwalimuWaTanga:
Habari za usiku wana jukwaa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, miaka 43, mama wa watoto wanne. Wa mwisho alizaliwa na kilo 4.3, na tangu nimzae nikikohoa, nikipiga chafya au nikinyanyua ndoo, mkojo unatoka. Si mwingi, ila unalowesha. Darasani navaa sketi nyeusi tu, na ndani nafunga kipande cha khanga nilichokikunja mara nne. Mapumziko ya saa nne wenzangu wanakunywa chai, mimi nakimbilia chooni kukibadilisha.

Kinachoniumiza kuliko yote ni swala. Natawadha vizuri, nikiinama rukuu kikohozi kikinijia, udhu umekwenda. Ramadhani iliyopita kuna alasiri nilitawadha mara tatu, mwisho nikakaa kwenye mkeka nikalia.

Juzi nikajikaza nikaenda hospitali. Daktari alinisikiliza, akapima mkojo, hakuna maambukizi, akanikagua na ndani. Kisha akaniambia nibane misuli ya chini kila siku kwa miezi mitatu, nirudi. Hakuna kidonge wala sindano, nimetoka na karatasi moja. Wifi yangu anasema nimepuuzwa. Dada yangu aliyeko Uingereza naye anasema nikitajiwa upasuaji wa kuwekewa wavu nikatae, kule umesimamishwa.

Mwenye kujua anisaidie. Haya mazoezi yamepimwa kama dawa zinavyopimwa, au ni maneno ya kunituliza?

Shangazi Zu:
Pole mwanangu. Umefanya vyema kusema, sisi tulinyamaza hadi tukazeeka nayo. Bibi yangu alikuwa akichemsha mizizi fulani, unakunywa siku saba. Ukitaka nitakuulizia jina lake.

Fizio_Moro:
Dada Mwalimu, mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia na kazi yangu ndiyo hii, kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo.

Hujapuuzwa. Umepewa tiba ya kwanza kabisa kwa aina yako ya kuvuja, ile ya kukohoa na kunyanyua. Daktari wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika juu ya mazoezi haya mwaka 1948, ndiyo maana wengine wanayaita ya Kegel. Lakini jina la mtu si ushahidi. Ushahidi ni huu: wanawake wanagawanywa kwa kura, kundi moja linafundishwa mazoezi, jingine halifundishwi, halafu baada ya muda wanahesabiwa waliopona kila upande. Mwaka 2018 taasisi ya Cochrane ilikusanya tafiti 31 za namna hiyo, wanawake 1,817 kutoka nchi 14. Kwa wenye tatizo kama lako, waliofanya mazoezi 56 katika kila 100 walisema wamepona. Wasiofanya, 6. Dawa nyingi tunazomeza kila siku hazina tofauti kubwa kiasi hicho.

Shangazi Zu, shikamoo. Kwa heshima zote, swali ninaloiuliza karatasi ya daktari ndilo ninaloiuliza mizizi ya bibi: wangapi walikunywa, wangapi hawakunywa, na nani aliwahesabu? Kuna watu wanapata nafuu hata kwa kidonge kitupu kisicho na dawa ndani, ndiyo maana lazima kuwe na kundi la kulinganisha nalo.

Sasa namna ya kufanya, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Lala chali, magoti juu. Kaza kama unayezuia upepo usitoke mbele za wakwe, papo hapo na mkojo, vuta kwa ndani kuelekea juu. Tumbo lilegee, makalio yalegee, pumzi iendelee. Ukijikuta umebana pumzi, umekosea, anza upya. Shikilia sekunde tatu nne mwanzoni, panda taratibu hadi kumi, kisha legeza kabisa kwa muda uleule. Angalau mara nane, asubuhi, mchana na usiku. Ukihisi chafya inakuja, kaza KABLA haijatoka. Na usizoee kukatisha mkojo katikati ukiwa chooni, hiyo ni ya kujaribu mara moja tu kuujua msuli ulipo.

Mtu asikuuzie mashine. Kuna utafiti wa Uingereza ulitoka mwaka 2020, wanawake 600, nusu walifanya mazoezi kwa kifaa kinachoonyesha nguvu ya msuli, nusu bila kifaa. Baada ya miaka miwili walikuwa sawa.

Nesi Rehema:
Kabla hatujaenda mbali, mleta uzi nijibu: unavuja ukikohoa tu, au mkojo unatiririka muda wote, usiku na mchana, hata umelala?

MwalimuWaTanga:
Nikikohoa, chafya, ndoo. Usiku nalala mkavu dada.

Nesi Rehema:
Alhamdulillah. Nimeuliza kwa sababu wapo dada zetu wanaosoma hapa kimya kimya. Mwenye kuvuja muda wote baada ya uchungu wa muda mrefu, hasa kama mtoto alifia tumboni, huyo inawezekana ana fistula, tundu kati ya kibofu na uke. Mazoezi hayazibi tundu. Asipoteze miezi mitatu. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam kwa miaka mingi imekuwa ikitibu fistula bila malipo. Nenda hata kama umeachwa na mume, hata kama ni miaka kumi imepita.

Na hata tundu likishazibwa, baadhi yao huendelea kuvuja wakikohoa. Hiyo haimaanishi upasuaji umeharibika. Warudi waseme, wasijifungie ndani mara ya pili.

MamaSwaleh_Msa:
Mimi niko Mombasa, yangu ni ya aina nyingine. Nikisikia maji ya bomba, au nikishika funguo mlangoni, haja inanibana ghafla na sifiki. Nilipewa oksibutinini, dawa ya kutuliza kibofu. Kuvuja kulipungua, lakini kinywa kilikauka mpaka ulimi ukawa unashika kaakaa, na choo kikawa kigumu siku nne. Nikaacha mwenyewe bila kumwambia daktari, hapo nilikosea.

Baadaye mtaalamu mwingine akanianzishia kufundisha kibofu. Unaandika kila unapokwenda haja, kisha unasogeza muda kidogo kidogo, na haja ikikushika husimami ukakimbia, unakaa, unabana mara tano sita mpaka wimbi lipite. Aliniambia kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 1998, wanawake 197 wa miaka 55 kwenda juu. Waliofundishwa hivyo, kuvuja kulipungua kwa asilimia 81, waliopewa oksibutinini 69, waliopewa kidonge kitupu 39. Nikamwomba anirudie ile ya kidonge kitupu, sikuamini.

Fizio_Moro:
Hiyo ya kidonge kitupu ndiyo sababu nawasihi watu wasishawishike na ushuhuda wa mtu mmoja, hata uwe wangu.

Msafiri_Leicester:
Kuhusu wavu, niko huku Uingereza na mama mkwe wangu ni miongoni mwa walioumia, kwa hiyo hili linanigusa. Dada yako hajakosea. Wavu wenyewe ni utepe wa plastiki unaopitishwa chini ya mrija wa mkojo, ulianzia Sweden miaka ya 1990, na uliwasaidia wanawake wengi sana kweli. Lakini wapo ambao ulikuja kukata nyama ndani, wakabaki na maumivu ya kudumu, na kila wakilalamika wakaambiwa ni mawazo yao. Julai 2018 ukasimamishwa huku, na ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na Bi Cumberlege, ya 2020, ikasema wazi kwamba wanawake hawakusikilizwa. Tafiti nyingi ziliwafuatilia wagonjwa mwaka mmoja au miwili, madhara mengine yalikuja baadaye.

Lakini upasuaji si wavu peke yake. Upo wa kutumia utando wa mwili wako mwenyewe, na ni wa zamani kuliko huo. Ukifika huko uliza: unaniwekea kitu gani, na kikileta shida kinatoka?

Fizio_Moro:
Niongeze jambo ambalo watu wa kada yangu hawapendi kulisema. Uholanzi walichukua wanawake 460 wenye kuvuja kwa wastani hadi sana, kura ikaamua nani aanze na mazoezi na nani apasuliwe kuwekewa utepe. Mwaka ukiisha, waliopangiwa upasuaji 91 kati ya 100 walisema wana nafuu, waliopangiwa mazoezi 64. Na karibu nusu ya hao wa mazoezi walikuwa wamehamia upasuaji. Huo ni wa 2013. Kwa hiyo dada, miezi mitatu ikiisha bila mabadiliko usijione mvivu. Rudi useme.

Baba_Neema:
Samahani kuingilia. Mimi nimetolewa tezi dume mwezi wa nne, navuja pia. Haya yananihusu?

Fizio_Moro:
Pole sana mzee. Yanafanyika, lakini nisikudanganye. Utafiti mkubwa wa Uingereza wa 2011 uliwalinganisha wanaume waliofundishwa ana kwa ana na waliopata huduma ya kawaida, na baada ya mwaka walilingana. Wengi huimarika taratibu miezi ya mwanzo baada ya upasuaji. Mwone aliyekupasua, usikae nalo.

Nesi Rehema:
Mwalimu, suala la udhu mwulize sheikhe wako bila haya. Mwenye udhuru ana hukumu yake, pengine unajitesa kuliko ulivyotakiwa.

MwalimuWaTanga:
Mrejesho, wiki ya tisa. Asanteni nyote, Mungu awalipe. Nilichora jedwali nyuma ya daftari la maandalio, kila nikivuja naweka alama. Wiki ya kwanza alama 31. Wiki ya nne 27, nikataka kuacha. Wiki hii 8. Kuinua ndoo sasa navuka mkavu nikikumbuka kukaza kabla, chafya ya ghafla bado inanishinda. Jana nimeswali magharibi na isha kwa udhu mmoja. Wifi ameniomba ile karatasi, nikamuuliza ya nani, akasema yake. Bado wiki tatu nirudi kwa daktari, na lile daftari naenda nalo.