Kikundi cha Ukoo: Miti ya Kiwanja cha Kibada

Rehema: Shikamooni wazee wangu, na nyote wengine habari za jioni. Kama mjuavyo, kiwanja chetu cha Kibada, Kigamboni, kina mita 20 kwa 30, na fedha za kujenga msingi wa nyumba hatutazipata kabla ya miaka mitatu. Hata hivyo kila nikilala naiwaza bustani yake, kwa hiyo naomba ushauri: nipande nini, na nianze lini?

Shangazi Mwanahawa: Marahaba mwanangu. Anza masika haya haya, usiisubiri nyumba. Mimi nilipanda mwembe wangu baada ya kuhamia, na kwa miaka mingi wanangu walikula chakula cha mchana ndani, kwenye joto la bati, kwa kuwa uani hapakuwa na kivuli hata cha kuku. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kaka Salum: Shangazi amesema kweli. Tafuta mche wa embe dodo uliobebeshwa, yaani uliounganishwa kikonyo cha mwembe mwingine, ambao kwa kawaida huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, ilhali wa kokwa huchelewa zaidi. Uweke upande wa magharibi, kwa sababu jua la alasiri ndilo litakalochoma kuta za vyumba, na uache mita nane kutoka mahali ukuta utakapojengwa, mbali pia na shimo la maji taka. Udongo wenu ni mchanga, haushiki maji wala mbolea. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, changanya samadi iliyooza vizuri, kisha funika juu kwa matandazo ya majani makavu.

Mama: Na mnazi, Salum? Nyumba ya Pwani bila mnazi siielewi.

Kaka Salum: Mnazi upo, Mama, ila mmoja au miwili ya aina fupi, pembeni kabisa, pasipopita watoto wala kulazwa gari. Kabla ya kununua mbegu tuwaulize TARI Mikocheni, kituo cha utafiti wa kilimo, maana ugonjwa wa kunyong'onyea hauna dawa na umemaliza minazi mingi katika ukanda huu.

Shemeji Idi: Kwa uzio nilifikiria minyaa, kwa kuwa haihitaji kumwagiliwa.

Shangazi Mwanahawa: Hapana, shemeji. Utomvu wa minyaa ukiingia jichoni ni hatari kubwa, na watoto huvunja matawi kwa kucheza. Panda bogonvilea kwenye waya. Ikishashika haisumbui kwa maji, na miiba yake inatosha.

Zuhura: Bibi yuko hapa ananiamuru niandike neno kwa neno. "Mjukuu wangu, mmezungumza matunda na uzio, hakuna aliyetaja harufu. Kwetu Pangani mtu alijua amekaribia nyumbani kabla hajaiona nyumba. Panda mlangilangi upande wa kusini, ili upepo wa kusi ukianza kuvuma mwezi wa Aprili ukuletee harufu barazani, na uukate kilele kila mwaka usije ukawa mrefu kupita mkono wa mchumaji. Mkilua uuweke karibu na mlango wa uani. Asumini iwe chini ya dirisha la chumba chako, kwa kuwa vitumba vyake huchumwa alasiri vikiwa bado vimefumba, na hufunguka usiku. Mrehani usiusahau, maana kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, bila mrehani hakijakamilika."

Rehema: Bibi, nimesoma nikalia. Kuna jambo moja linanitia hofu: maji ya kisima cha jirani yana chumvi kidogo.

Kaka Salum: Mnazi na bogonvilea vitavumilia. Asumini na mche wa mwembe havipendi chumvi, kwa hiyo nunueni tangi mapema mkinge maji ya mvua kwenye bati la kibanda cha mlinzi, nayo yawe ya miche hiyo peke yake. Miaka miwili ya mwanzo ndiyo migumu, hasa Januari na Februari.

Rehema: Basi mwembe, mlangilangi na bogonvilea vitaanza mvua zikishika, na minazi itafuata tukishapata jibu la Mikocheni. Jumamosi tutakwenda na kamba na vigingi tupime nyumba itakapokaa, ndipo tuchimbe. Kaka, tafadhali uwepo.

Kaka Salum: Nitakuwepo saa moja asubuhi.

Zuhura: Bibi anasema mkitoka Kibada mpitie hapa. Pingili za asumini atazikata mwenyewe, na mje na kitambaa kibichi cha kuzifungia.