Fimbo na chupa: sheria ya mateso ya vyuoni ina mizani mingapi?

Wadau, Desemba 2024 Rais Biden alisaini sheria inayovitaka vyuo vya Marekani vitangaze hadharani kila chama cha wanafunzi kilichokutwa na hatia ya kuwatesa wanachama wapya, kiwe cha udugu wa wavulana, cha wasichana, bendi au timu ya michezo. Naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini haigusi kinachoniuma: adhabu.

Tazameni Tallahassee, Florida, mji wenye vyuo vikuu viwili vilivyo karibu: Florida A&M, chuo cha kihistoria cha Weusi, na Florida State. Tangu 2005, mateso ya namna hii yakimuumiza mtu vibaya huko ni jinai kubwa. Mwaka 2006 vijana wa Kappa Alpha Psi, chama cha udugu cha Weusi, pale Florida A&M walimcharaza fimbo mwenzao aliyetaka kujiunga. Aliumia sana ila hakufa. Wawili wakafungwa miaka 2, ingawa baadaye mahakama ya rufaa ilitengua hukumu hiyo. Mwaka 2017, Andrew Coffey wa Pi Kappa Phi, chama cha udugu cha Florida State, mwenye miaka 20, alikabidhiwa chupa ya wiski usiku wa kupewa "kaka mkubwa", yaani mwanachama mkongwe wa kumwongoza. Asubuhi akakutwa kwenye kochi, hana uhai. Baadhi ya waliohukumiwa walipewa siku 60.

Najua wengi watasema: fimbo ni shambulio, pombe mtu anakunywa mwenyewe. Hapo ndipo ninapobisha. Aliyewahi kuwa njuka bwenini anajua hiari ya mgeni ilivyo. Wakubwa wamekuzunguka, wenzako wote wanainua chupa zao, na ukikataa, wiki zote ulizovumilia zimekwenda bure. Chupa ile ni fimbo, tofauti yake haiachi alama mgongoni.

Sidai vyama vya Weusi vihurumiwe. Robert Champion alipigwa na wenzake wa bendi ya Florida A&M ndani ya basi mwaka 2011 akafa, na aliyetajwa kuwa kinara alifungwa zaidi ya miaka 6. Sawasawa kabisa. Ninachotaka ni uzito huohuo pale mzazi mwingine anapomzika mwanawe kwa sababu ya chupa.

Kwa wasichana kuna jambo jingine. Vyama vyao vikubwa vingi vinapiga marufuku pombe majumbani mwao, kwa hiyo sherehe zinahamia kwa wavulana, kwenye nyumba ambazo wasichana hawana kauli. Huko kikitokea kitu, nani aulizwe?

Karibuni tujadili. Anayeona chupa ni kosa dogo kuliko fimbo, aanze na Andrew, atueleze kwa nini siku 60 zinamtosha.