MREJESHO: Sindano ilinisumbua, sasa nimeweka kitanzi

Habari zenu wapendwa. Mimi ndiye niliyeomba ushauri wa njia ya kupanga uzazi baada ya sindano ya miezi mitatu kuniletea matone ya damu yasiyokata na uzito kupanda. Nawashukuru sana mlionijibu, hasa dada aliyenisisitiza niende kliniki nikapimwe kabla ya kuchagua.

Nesi alinipima presha na ujauzito, akaniuliza lini nataka mtoto mwingine, akanipa nishike kijiti (kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono) na kitanzi (kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi). Nikachagua kitanzi cha shaba: hakina homoni, hukaa miaka 10 au zaidi, na ukitaka kushika mimba kinatolewa. Wakati wa kuwekewa tumbo lilibana kama la hedhi, kwa dakika chache tu. Ushauri wa baadhi yenu wa kutumia kalenda, yaani kuhesabu siku za hatari, sikuufuata, maana mzunguko wangu ulikuwa bado umevurugika.

Matone yamekwisha, namshukuru Mungu. Ila hedhi imekuwa nzito na tumbo linasokota. Niliambiwa miezi 3 hadi 6 ya mwanzo huwa hivyo, na ibuprofeni inanisaidia. Uzito haujashuka bado. Na kwa aliyeuliza kama nyuzi za kitanzi zinazobaki ukeni zinamsumbua mwanaume, mume wangu hazimsumbui kabisa.