Monstera ya Zuhura inageuka manjano

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Shangazi, ile monstera yangu ya sebuleni, ule mmea wa majani makubwa yenye matundu, uliokaribia dari, majani ya chini yanageuka manjano na shina limelegea. Niiongezee maji?

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Hata tone usiongeze. Chomeka kidole kwenye udongo mpaka kizame, uniambie ukoje.

Zuhura: Juu mkavu kidogo, ndani tope tupu. Na unanuka maji yaliyolala.

Shangazi Rehema: Basi ni mizizi. Mizizi nayo inahitaji hewa, Zuhura. Udongo ukishiba maji muda wote, inakosa oksijeni, inaoza, halafu mmea unashindwa kunywa ilhali umezungukwa na maji. Majani yakilegea watu wanadhani ni kiu, wanazidi kumwaga. Chungu kina matundu chini?

Zuhura: Kina, ila kimetumbukizwa ndani ya kingine cha pambo, hicho hakina.

Kaka Idi: Kitoe cha ndani uangalie.

Zuhura: Jamani! Maji yamefika robo ya chungu.

Shangazi Rehema: Ndiyo hayo. Utoe mmea leo leo, usingoje kesho. Kung'uta udongo taratibu. Mzizi mzima ni mweupe au kahawia hafifu, ukiubonyeza ni mgumu. Uliooza ni mweusi, unateleza, ukiuvuta ganda linakubakia mkononi na katikati kunabaki uzi mwembamba. Huo ukate wote, mkasi uupanguse kwanza kwa spiriti. Kisha panda kwenye udongo mpya uliochanganywa na makumbi na vipande vya magome ili hewa ipite. Chungu kiendane na mizizi iliyobaki. Kikiwa kikubwa mno, udongo usio na mizizi utakaa na maji yale yale.

Mama Nasra: Mimi nimesikia kipimo ni mara moja kwa wiki.

Shangazi Rehema: Hapana wifi yangu, hapo ndipo mimea mingi inapofia. Kukiwa na baridi au mwanga mdogo hunywa polepole. Kukiwa na joto na mwanga hunywa haraka. Kipimo ni kidole: sentimita 5 za juu zikikauka, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha uyamwage yaliyotuama.

Zuhura: Na mbona majani mapya yanatoka mazima, bila matundu?

Shangazi Rehema: Umeiweka wapi?

Zuhura: Pembeni ya kabati, mbali na dirisha.

Shangazi Rehema: Isogeze dirishani. Asili yake ni misitu ya kusini mwa Mexico mpaka Panama, inaparamia miti kuufuata mwanga. Matundu huja mmea ukikomaa na ukipata mwanga wa kutosha. Ila jua kali la mchana lisiipige moja kwa moja, litababua majani. Weka pazia jepesi. Jani lililokwisha kutoka zima halitatoboka tena, wewe tazama lijalo.

Kaka Idi: Ile mizizi inayoning'inia hewani ikatwe?

Shangazi Rehema: Usiiguse, ndiyo inayoshikia. Simika nguzo iliyoviringishwa nyuzi za makumbi, uifunge shina hapo, mizizi itajishika yenyewe.

Mama Nasra: Zuhura, na mtoto anayetambaa?

Shangazi Rehema: Umefanya vyema kukumbusha. Mmea wote una fuwele za kalsiamu oksaleti zenye ncha kali. Mtoto akitafuna jani, mdomo unawaka na ulimi unaweza kuvimba. Paka na mbwa vivyo hivyo. Dirishani pawe mahali asipofika, na ukimaliza kukata nawa mikono kabla hujambeba.

Zuhura: Nimeshaitoa. Upande mmoja ni mweusi wote, lakini iliyobaki ni myeupe na migumu.

Shangazi Rehema: Alhamdulillahi, hiyo itapona. Mbolea usitie mpaka uone jani jipya.

Zuhura: Sawa shangazi. Idi, njoo unishikilie shina nipande.

Kaka Idi: Nakuja.